Vivumishi vya Kiingereza: Neno Dogo, Jambo Kubwa

Kahawa ni zao linalotegemewa na wakulima wengi wa Isansa, wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Dawa za mibuni mara nyingi huwa na maelezo ya Kiingereza, na aombwaye kuyasoma ni mtoto aliye sekondari. Mtoto huyo aweza kuyajua majina yote yaliyoandikwa na bado akapotoka, kwa kuwa aghalabu onyo lenyewe limo katika kivumishi.

Kivumishi hueleza sifa ya jina. Katika Kiswahili hufuata jina na kupatana nalo: mti mrefu, miti mirefu. Katika Kiingereza kwa kawaida hutangulia, wala hakibadiliki: “tall tree”, “tall trees”. Kwa kukosa upatanisho huo, msomaji hana budi kujiuliza sifa ni ya jina lipi. “Red blood cells” ni seli nyekundu za damu. Anayeandika “seli za damu nyekundu” ameihamisha sifa kutoka kwenye seli na kuipa damu.

Vipo pia vivumishi vitokanavyo na vitenzi. “Boiling water” ni maji yanayochemka. “Boiled water” ni maji yaliyochemshwa, ambayo huenda yamekwisha kupoa. Ya kwanza huunguza, ya pili hunywewa. Tofauti yote imo katika mwisho wa neno.

Hatari zaidi ni kiambishi “in-”. Mwanafunzi hufundishwa kwamba hukanusha: “soluble” ni chenye kuyeyuka, “insoluble” kisichoyeyuka. Basi akiliona neno “inflammable” kwenye lori la mafuta katika barabara kuu iendayo Tunduma, aweza kudhani kwamba mzigo ule hauwaki. Sivyo. Neno hilo latokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha, na maana yake ni sawa na “flammable”: chenye kushika moto upesi. Kisichowaka huitwa “non-flammable”.

Hata kivumishi chepesi chaweza kuhadaa. Benjamin Lee Whorf, mwanaisimu wa Marekani aliyekuwa pia mkaguzi wa bima ya moto, alieleza katika makala iliyochapishwa mwaka 1941 kwamba watu waliojihadhari karibu na mapipa ya petroli walivuta sigara bila hofu karibu na mapipa yaliyoitwa “empty”, yaani matupu. Kumbe pipa tupu hubaki na mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, nao huweza kulipuka kwa cheche moja. Neno lilisema kweli kuhusu petroli ya maji, lakini halikusema lolote kuhusu mvuke.

Yafaa basi mwalimu wa sayansi, sawa na mwalimu wa lugha, awazoeze wanafunzi kuuliza maswali matatu: Sifa hii ni ya jina lipi? Je, tendo linaendelea au limekwisha? Je, kiambishi kinakanusha kweli? Mwenye kuyajibu sawasawa ndiye astahiliye kumsomea mzazi wake kibandiko cha dawa.