Kuwinda na Kupigana

Huko Balangdalalu, katika nchi iliyo chini ya Mlima Hanang, Wabarbaig walikuwa na desturi ambayo wengi wameisikia na wachache wameifikiri. Kijana aliyeua simba, tembo, kifaru au nyati hakuhesabiwa kuwa mwindaji tu. Alihesabiwa kuwa amemwangusha adui wa watu wote. Alipambwa, akazuru jamaa zake, nao wakamtunza ng'ombe. Tusiicheke desturi hiyo. Kwa mfugaji, simba ni mwizi aingiaye zizini usiku, na anayemkabili kwa mkuki huweka roho yake rehani.

Lakini desturi ilikuwa na upande wa pili. Mtaalamu wa Kimarekani, George Klima, aliyeishi na Wabarbaig katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, aliandika kwamba katika hesabu ya maadui hao aliingizwa pia binadamu asiye wa jamaa yao. Aliyemwua jirani aliweza kupata heshima ile ile ya aliyeua simba. Hapo uwindaji uligeuka vita, na mtu akahesabiwa pamoja na wanyama.

Asidhani msomaji kwamba mambo haya ni ya wafugaji wa Hanang peke yao. Makabaila wa Urusi, wenye majumba na vyeo, walilelewa katika mafunzo hayo hayo. Aliyetuonyesha jambo hilo waziwazi ni Leo Tolstoy, mtu aliyekuwa askari katika milima ya Kaukazi na katika mji wa Sevastopol kabla ya kuandika kitabu chake kikubwa, Vita na Amani, kilichotoka kati ya 1865 na 1869.

Mmoja wa watu wa kitabu hicho ni Nikolai Rostov, mtoto wa kabaila. Katika vita vya 1805 anawakimbia Wafaransa, naye mwandishi anamfananisha na sungura anayefukuzwa na mbwa. Baadaye, nyumbani, anakwenda kuwinda mbwa-mwitu, na moyo wake unadunda kama wa mtu aliye vitani. Hata anamwomba Mungu amletee mnyama yule. Mbwa-mwitu anapatikana, lakini anayemkamata kwa mikono ni Danilo, mtwana wa nyumba hiyo. Mapema siku hiyo kabaila mzee alizubaa mnyama akampita, na Danilo akamkaripia bwana wake mbele ya watu. Kazi ilipokwisha, bwana akawa bwana tena na mtwana akawa mtwana. Wafanyakazi wataielewa habari hiyo bila kufafanuliwa.

Mwaka 1812, karibu na Ostrovno, Nikolai anawaona wapanda farasi wa Kifaransa bondeni. Anawatazama kwa jicho la mwindaji anayepima mnyama wake, kisha anashuka mbio na kikosi chake. Anamfikia afisa mmoja, anainua upanga na kumpiga. Ndipo anapomwona uso. Ni kijana mwenye macho ya buluu na kishimo kidevuni, uso wa mtu wa nyumbani, umejaa hofu. Furaha yote inamtoka Nikolai. Wakubwa wanampa nishani kwa ushujaa, naye hawezi kuelewa amefanya jambo gani la kushukuriwa.

Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hili kwa maneno machache: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini twaongeza neno moja. Uchungu huo huwafikia wale tu wanaomwona binadamu kuwa ni binadamu. Yako mambo mawili yanayoweza kumziba mtu macho. La kwanza ni tuzo, iwe nishani ya mfalme au ng'ombe wa jamaa. La pili ni jina. Wabarbaig wenyewe wamebandikwa jina la Wamang'ati, nalo limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya maadui. Mtu anayeitwa adui tangu utotoni, na jirani zake wakamzoea kwa jina hilo, atatazamwaje siku ng'ombe wake watakapoingia shambani?

Swali hili si la vitabuni. Desemba 2000, wilayani Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulileta mauaji ya watu 38. Ugomvi wa namna hiyo huanza kwa malisho, maji na mipaka, mambo yanayoweza kuamuliwa kwa kikao na ramani. Huwa vita pale upande mmoja unapoanza kuuwinda mwingine.

Kwa hiyo wajibu wa kila mwanachama ni dhahiri. Mipaka ya malisho na mashamba ipangwe mapema, wafugaji na wakulima wote wakiwapo barazani. Mtu asisifiwe, wala asichangiwe mali, kwa kumwaga damu ya jirani. Na majina ya kuwaita wananchi wenzetu maadui tuyaache, tuanzie katika vikao vyetu wenyewe. Nikolai Rostov aliuona uso wa mwenziwe baada ya kumpiga. Sisi yatupasa kuuona kabla.