Alama za Bure Hulipwa na Nani?

Leo nawapeleka mbali, hata Marekani, katika mji mdogo uitwao Chapel Hill, jimbo la North Carolina. Najua wengine mtauliza: habari za huko zatuhusu nini sisi wa Ushirombo, tulimao mahindi na mpunga, na vijana wetu wachimbao dhahabu katika maduara? Zatuhusu sana. Katika habari hii mtamkuta Mtanzania mwenzetu, na mtaikuta pia lugha hii hii ninayowaandikia.

Kwanza yafaa mjue jambo moja. Kwetu timu ya mpira ni ya mji, au ya jeshi, au ya chama cha watu, kama Simba na Yanga, au kama Geita Gold iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2021 ikashuka mwaka 2024. Marekani si hivyo tu. Huko vyuo vikuu vyenyewe vina timu, na watu huzipenda timu hizo kama sisi tuipendavyo Simba au Yanga, pengine kuzidi. Chuo Kikuu cha Michigan kina uwanja unaoingiza watu zaidi ya 107,000. Uwanja wetu mkubwa wa Benjamin Mkapa kule Dar es Salaam huchukua 60,000. Mpira wao mkubwa ni ule wa umbo kama yai, unaochezwa kwa mikono na kwa kukumbana vifua, na wachezaji huvaa kofia ngumu kama wachimbaji. Tena wana mpira wa kikapu. Fedha ya viingilio na ya televisheni ni nyingi, na kocha wa timu aweza kulipwa mshahara kumpita mkuu wa chuo mara nyingi.

Lakini wachezaji wenyewe, kwa miaka mingi, hawakulipwa mshahara. Ni mwaka 2021 tu walipokubaliwa kupata fedha kwa majina yao na picha zao, na mwaka 2025 vyuo vikaruhusiwa kuwalipa vyenyewe. Kabla ya hapo kijana alipewa karo, kitanda na chakula, akaambiwa: malipo yako ni elimu. Wewe utupe miguu na mabega yako, sisi tutakupa shahada. Na ili mapatano hayo yasiwe maneno matupu, ikawekwa sheria kwamba mchezaji asiyepata alama za kutosha darasani haruhusiwi kucheza.

Sheria nzuri, sivyo? Basi tazameni ilivyogeuka.

Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill ni chuo chenye sifa. Ni cha zamani, na Michael Jordan alicheza mpira wa kikapu pale kabla ya mwaka 1984. Habari ninayoisema ilianza baada yake, mwaka 1993. Katika idara ya masomo ya Afrika na ya Wamarekani Weusi palikuwa na karani mmoja, Bi. Deborah Crowder. Hakuwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuandikisha wanafunzi, kupanga madarasa na kutunza makaratasi. Huyu karani alianza kuandikisha wanafunzi katika madarasa ambayo hayakuwa na kipindi hata kimoja. Hapakuwa na mwalimu wala ubao, na hakuna aliyeita majina. Mwanafunzi alitakiwa kuandika insha moja tu mwisho wa muhula. Insha ilimfikia karani, naye akaisahihisha mwenyewe, akitazama mwanzo na mwisho, na kama ilikuwa na urefu uliotakiwa aliipa A au B.

Mimi ni karani, wasomaji wangu, wa parokia tu. Huandika vyeti vya ubatizo na vya ndoa, na najua nguvu iliyomo katika kalamu ya karani. Mtu hubadilika kwa mstari mmoja katika daftari: jana hakuwa ameoa, leo ameoa. Kwa hiyo habari za Bi. Crowder nilizisoma kwa makini kuliko habari za wakubwa wake.

Je, alihongwa? La. Hakuna aliyeonyesha kwamba alipata faida. Yeye mwenyewe aliwahi kusoma pale akaona taabu, akawa na huruma kwa wanafunzi walioshindwa. Mkuu wa idara yake, Profesa Julius Nyang'oro, mzaliwa wa nchi yetu ya Tanzania na mtaalamu wa siasa za Afrika, alimwacha aendelee. Profesa naye aliwaeleza wachunguzi sababu yake. Miaka ya mwanzo wachezaji wawili walishindwa masomo wakarudishwa kwao. Mmoja aliuawa, mwingine akaishia gerezani. Jambo hilo lilimkaa moyoni, asitake litokee tena mikononi mwake. Mwajua, mtu akiniambia kwamba wawili hawa walikuwa wabaya, siwezi kukubali upesi. Kisa hiki kingekuwa chepesi kama kungekuwa na mwizi ndani yake.

Mambo yakaendelea hivyo miaka 18, hata 2011. Chuo kilimwita mwanasheria wa nje, Kenneth Wainstein, na taarifa yake ilitoka Oktoba 2014. Aliona kwamba wanafunzi wapatao 3,100 walipitia madarasa hayo ya karatasi. Karibu nusu yao walikuwa wachezaji, hali wachezaji katika chuo kizima ni kama 4 tu katika kila wanafunzi 100. Maana yake nini? Maana yake washauri wa wachezaji walikuwa wameujua mlango huo, wakawa wanawapitisha vijana wao kama ng'ombe wanaopitishwa josho. Bi. Crowder alipostaafu mwaka 2009, washauri wa timu ya futiboli walishikwa na hofu. Waliwaita makocha, wakawaonyesha kwa maandishi ukutani kwamba yale madarasa ambayo vijana hawakuhitaji kuhudhuria, wala kuandika, wala hata kukaa macho, sasa hayapo tena. Hawakuona aibu kuyaandika hayo. Na muhula ule alama za timu zikashuka kuliko muhula wowote katika miaka kumi.

Sasa nifike kwenye lugha yetu. Chuo kile kilidai kila mwanafunzi ajifunze lugha ya kigeni mpaka hatua fulani. Kiswahili kilikuwa moja ya lugha zilizofundishwa, na ilifundishwa kweli, na wapo waliojifunza. Lakini kwa wale wa mlango wa pembeni darasa la Kiswahili nalo lilifanywa la karatasi. Mwanafunzi hakuulizwa kusema wala kusoma. Aliandika insha juu ya utamaduni wa Waswahili, na aliiandika kwa Kiingereza! Nilipolisoma hilo nilicheka, kisha nikanyamaza. Bibi yangu, Msumbwa asiyekanyaga darasa, alijifunza Kiswahili sokoni na kanisani kwa miaka, akikosea ngeli na kuchekwa na watoto. Kumbe kuna mahali cheti cha Kiswahili kilipatikana bila kujua kusema “habari za asubuhi”.

Ni insha ya Kiswahili hiyo hiyo iliyosaidia kuufichua uozo. Kijana mmoja mchezaji wa futiboli, Michael McAdoo, alifungiwa kucheza mwaka 2010 kwa sababu msaidizi wake wa masomo alikuwa amemsaidia kupita kiasi. Alikwenda mahakamani kujitetea, na mwaka 2011 insha yake ikawekwa kati ya makaratasi ya kesi, ambayo kila mtu aweza kuyasoma. Walioisoma kwa bidii zaidi ni mashabiki wa timu ya watani, chuo cha jirani. Watani hawana huruma. Waligundua kwamba sehemu kubwa imenakiliwa neno kwa neno kutoka vitabu vya watu. Wakubwa wa michezo walikuwa wameishika insha ile wasilione hilo. Mashabiki waliliona upesi. Baadaye mwandishi wa gazeti la Raleigh, Dan Kane, alifuata nyayo hizo mwaka baada ya mwaka, na mwalimu mmoja wa kusoma, Mary Willingham, akasema wazi kwamba alikutana na wachezaji chuoni pale ambao kusoma kwenyewe kuliwashinda. Alichukiwa sana kwa kusema hivyo.

Mwisho wake? Profesa Nyang'oro aliacha ukuu wa idara mwaka 2011 akastaafu mwaka uliofuata. Alishtakiwa mahakamani kwa kupokea malipo ya darasa lisilofundishwa, lakini mashtaka hayo yalifutwa mwaka 2014, naye akawasaidia wachunguzi. Chuo kiliwekwa chini ya uangalizi kwa mwaka mmoja tangu Juni 2015. Na chama cha michezo ya vyuo, kile chenye ile sheria nzuri, kilitoa hukumu Oktoba 2017: hakikuweza kukiadhibu chuo, maana madarasa hayo yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote, si kwa wachezaji peke yao. Alama za bure zilipogawiwa kwa wengi zikawa si kosa la michezo! McAdoo yeye alirudi mahakamani mwaka 2014, safari hii akidai kwamba chuo kilimwahidi elimu na hakikumpa.

Dai hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Msidhani ni la Wamarekani tu. Mwaka 2012 serikali yetu yenyewe ilitangaza kwamba wanafunzi zaidi ya 5,000 waliofaulu darasa la saba na kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka uliofuata, matokeo ya kidato cha nne yalipokuwa mabaya mno, yalifutwa yakapangwa upya, na idadi ya waliofaulu ikapanda bila mtoto mmoja kurudi darasani. Hayo yamesemwa sana magazetini na sitaongeza.

Nitasema langu. Mwaka 2014 nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nikapelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Si ya hapa Ushirombo, wala jina sitalitaja. Darasa la sita palikuwa na kijana mshambuliaji, mbio zake kama swala. Watu walitoka vijiji vitatu kuja kumtazama. Mwalimu mkuu alikuwa amewaambia wazazi mkutanoni kwamba mtoto atakayeshindwa mtihani wa nusu mwaka hataenda kwenye mashindano ya wilaya. Wazazi walipiga makofi. Mimi nilisahihisha karatasi za Kiswahili, na kijana yule alipata 9 katika 50. Jioni mwalimu wa michezo alikuja nyumbani nilikopanga, akaketi, akaongea habari za mvua, kisha akasema, “Mwalimu, mtoto huyu hana kitu kingine duniani. Usimnyang'anye hiki.” Niliandika 29. Hakunipa hata soda. Nilifanya kwa huruma, na usiku ule nililala vizuri, nikijiona mtu mwema.

Timu ilishinda mchezo wa kwanza ikafungwa wa pili. Wala hakuja mtu kutoka mjini kumchukua kijana yule.

Mwaka jana, siku ya mnada, mtu mzima mwenye ndevu aliingia ofisini hapa parokiani, akavua kofia. “Shikamoo, Mwalimu.” Watu wa hapa huniita Karani, Mwalimu huniita wachache. Sikumjua mpaka alipotaja shule. Alikuwa na mke na watoto wawili, anafanya kazi katika duara upande wa Mbogwe. Alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne na kulowa jasho, akaniomba nimsomee. Ilikuwa mapatano yake na mwenye duara. Yeye alikuwa amesikia kwamba katika kila mifuko kumi ya mawe atapata mitatu. Karatasi ilisema atapata mitatu baada ya kukatwa chakula, mafuta ya pampu na magogo ya kuzuia udongo usiporomoke. Alikuwa amefanya kazi miezi saba, na kwa hesabu ya karatasi ile yeye ndiye aliyekuwa anadaiwa. Jina lake alikuwa amelitia chini, herufi kubwa kubwa, moja imegeuka nyuma.

“Lakini mimi nilifaulu Kiswahili,” alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza njia.

Nilimweleza habari ya ile 29. Alinitazama kitambo, akauliza ni mwalimu gani wa michezo, yule mrefu au yule wa pikipiki. Kisha akakunja karatasi yake akaenda. Nilidhani hatarudi.

Alirudi baada ya majuma mawili, na sasa huja Alhamisi jioni anapopata nafasi. Tunatumia kitabu cha darasa la pili, tukiwa tumefunga mlango, maana hataki vijana wa kwaya wamwone. Mwenye duara alikubali kupunguza lile deni, hakukubali kulifuta. Juma lililopita kijana alisoma ukurasa mzima bila kusimama, kisha akaniuliza ningempa ngapi katika 50. Nilihesabu makosa mbele yake, kwa kidole, tukakubaliana 31.

Mtoto wake mkubwa yuko darasa la tatu, naye anacheza mpira. Baba mtu ameniuliza kama naweza kwenda naye shuleni siku ya kuchukua taarifa ya muhula, aombe kuonyeshwa karatasi zenyewe za mtihani na si alama tu. Tutakwenda.