Kasi, Mapigo na Viini: Istilahi za Kichakataji na Mfuko wa Mnunuzi

Kompyuta imekwisha kuingia katika ofisi, shule na maduka yetu, lakini istilahi za viungo vyake bado zinayumba. Katika makala haya twakusudia kuchunguza istilahi chache zihusuzo kichakataji, yaani kile kipande kifanyacho hesabu zote za kompyuta, na hasa kile chenye viini viwili. Tumekichagua makusudi. Mtu mwenye fedha kidogo atafutaye kompyuta ya mezani hukutana nacho mara nyingi, na jina likikosewa hapa atakayepata hasara si mwanaisimu bali mnunuzi.

Neno kichakataji lenyewe halina utata mkubwa. Kitenzi kuchakata kimezoeleka katika mkonge, ambako jani huingia mashineni likatoka nyuzi. Wapo wasemao prosesa, nasi hatuwalaumu. Kuhusu kiini, twaonelea kuwa hakuna neno lifaalo zaidi: yai lenye viini viwili lina ganda moja tu, na ndivyo kilivyo kichakataji hiki.

Ugumu waanzia kwenye majina ya biashara. Mwaka 2006 kampuni ya Intel ilitoa Core 2 Duo. Mfasiri mwenye haraka ataiona ile 2 na kuandika "viini viwili", naye atakuwa amepotoka, kwani tarakimu hiyo yaonyesha kizazi cha bidhaa. Core 2 Solo ilikuwa na kiini kimoja, na Core 2 Quad vinne. Idadi imo katika neno la mwisho. Kwa hiyo jina la biashara liachwe kama lilivyo, na idadi ya viini itajwe pembeni kwa Kiswahili.

Istilahi iliyoleta hasara kubwa zaidi ni kasi. Kila kichakataji hupimwa kwa gigahezi, yaani mapigo yake ya saa kwa mabilioni katika kila sekunde, na wauzaji wengi huyaita mapigo hayo kasi. Tazama matokeo yake. Pentium D 960 ya mwaka 2006 ilikuwa na gigahezi 3.6, Core 2 Duo E6300 ya mwaka huo huo ilikuwa na 1.86 tu. Aliyeamini neno kasi alichukua ya kwanza. Lakini E6300 iliishinda katika kazi nyingi, tena kwa kiwango cha wati 65 dhidi ya 130. Atwangaye kwa mchi mwepesi huweza kupiga mara nyingi na kinu kisijae unga. La kuuliza ni kiasi kinachotwangika kwa kila pigo. Twapendekeza basi isemwe mapigo, na neno kasi liachiwe kazi iliyokamilika kwa muda uliopimwa. Mapigo yalinganishwe kwa vichakataji vya ukoo mmoja tu. Kampuni ya AMD nayo iliongeza mkanganyiko wa namna nyingine: Athlon 64 X2 3800+ ilikuwa na gigahezi 2.0, na ile 3800 haikuwa mapigo hata kidogo.

Iko pia istilahi ya nyuzi, ambayo kwa bahati njema yarudi kwenye mkonge wetu. Kiini kimoja chaweza kushika nyuzi mbili za kazi, kikaendelea na mmoja wakati mwingine ukisubiri data. Mwezi Januari 2017 Intel ilitoa Pentium G4560 yenye viini viwili na nyuzi nne, kwa bei ya kiwanda ya dola 64. Core i3-7100 ya wakati huo ilikuwa na viini na nyuzi idadi ile ile, kwa dola 117. Mapigo yalikuwa 3.5 dhidi ya 3.9: nyongeza ya asilimia 11 kwa bei iliyozidi kwa asilimia 83. Ni kweli kwamba i3 ilikuwa na sehemu bora ya picha na amri kadhaa za hesabu ambazo mwenzake hakuwa nazo. Ila kwa kuandika barua na kutunza daftari la duka hatuoni sababu ya kulipa tofauti hiyo.

Anunuaye leo kompyuta iliyotumika ajue pia kwamba hivi vyote tulivyovitaja havimo katika orodha ya vichakataji vinavyokubaliwa na Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Linux hukubali vingi vyavyo. Aidha, viini viwili havipunguzi muda kwa nusu: programu isiyoweza kugawanya kazi yake hukiacha kiini cha pili kimekaa bure.

Limebaki jina la ile hifadhi ndogo iliyo ndani ya kichakataji, ambamo data huwekwa karibu na viini. E6600 ilikuwa na megabaiti 4, E6300 ilikuwa na 2, na bei zao zilitofautiana sana. Wengine husema kache, wengine hifadhi ya karibu. Sisi twaelekea kwenye la pili, lakini ni refu mno kuandikwa katika orodha ya bei. Wasomaji walio mafundi watuletee neno walitumialo karakanani.