Rele ikikata, tusiinyamazishe

Toka mwaka 1982 umeme wa Inga unasafiri karibu kilometa 1.700 mpaka Kolwezi. Mwingine unatoka ku baraje za karibu, Nzilo na Nseke. Ukifika ku kabini ya mgodi, kuko kisanduku kidogo kinaitwa rele. Kazi yake ni kuchunga. Kable ikichubuka na umeme ukipita kiasi, rele inaamuru umeme ukatwe.

Injinia anaipatia namba mbili: kiasi cha umeme, na wakati wa kungoja. Rele ya karibu na kasoro inakata ya kwanza. Ile ya juu inangoja kidogo, hata nusu ya segonde haifike. Ndiyo maana pompe moja ikiungua, mgodi muzima haukae giza.

Siku moja ku kazi, mukubwa alisema: «Inakata sana, mupandishe namba.» Wakapandisha. Rele ikanyamaza, sisi wote tukafurahi. Nyuma ya majuma machache, kable ikashika moto kule chini. Tulipanda ndani ya moshi, tukihesabiana. Hakuna aliyekufa, ni Mungu tu.

Ndugu delege, rele yenye kukata kila mara inaonyesha ugonjwa: maji mu kable, ao motere imechoka. Tutafute ule ugonjwa. Ku mkutano wa usalama tuulize: namba ni ngapi? Nani alizigeuza? Rele ilijaribiwa lini? Yote iandikwe mu kitabu, na sahihi. Bila sahihi, hakuna kugeuza.