Uluguru Hakuna Theluji, Lakini Baridi Yake Si ya Kuchezea

Hivi unajua mtu anaweza kuzidiwa na baridi hapahapa Morogoro, bila kuona hata punje moja ya theluji? Wengi tunadhani hayo ni mambo ya Ulaya. Tuangalie sayansi inasemaje.

Mji wetu uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga kiko mita 2,138. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kwa nyuzi 6.5 hivi. Piga hesabu: mjini ikiwa nyuzi 20, kileleni ni kama 9 tu. Hapo bado hujaweka upepo, ukungu na mvua inayoletwa na hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi.

Unyevu ndio adui mkubwa. Maji yanasafirisha joto kwa kasi ya karibu mara 25 kuliko hewa tulivu. Sasa wewe umepanda na fulana ya pamba na jinzi, jasho limekulowesha, halafu umekaa kileleni kupiga picha. Pamba ikilowa haikutunzii joto tena, na jasho likikauka linaondoka na joto lako.

Wanaoteleza kwenye theluji wanalijua hili vizuri. Mkenya Philip Boit, aliyeshiriki mbio za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, alilazimika kujifunza mchezo huo Finland, mbali kabisa na jua la kwao. Kanuni ya wanamichezo hao ni nguo tabaka tatu: ya ndani isiyoshika jasho, ya kati ya kutunza joto kama sweta la sufu, na ya juu ya kuzuia upepo na mvua. Zote unazipata kwenye mitumba. Ukianza kutoka jasho, punguza moja; ukisimama, irudishe.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, hiyo ni hatari. Mwangalie mwenzako: anatetemeka sana, anaongea kama mlevi, anajikwaa hovyo. Akiacha kutetemeka wakati bado ni wa baridi, usifurahi. Mwili unaishiwa nguvu. Huyo anahitaji hospitali haraka.

Ufanye nini? Mtoe kwenye upepo, mvue nguo mbichi, mvalishe kavu, mfunike hadi kichwa ukiacha uso wazi, mkumbatie. Kama anaweza kumeza vizuri, mpe chai ya moto yenye sukari. Usimsugue mikono na miguu. Na pombe je? Hapana! Inatanua mishipa ya damu karibu na ngozi, anajisikia joto kumbe joto la ndani ndilo linakimbia.

Kwa hiyo mkipanga safari ya Lupanga, kila mmoja abebe sweta na nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji, hata kama mjini jua linawaka.