Fahamu: Kwa nini pengo la jino huuma siku ya tatu

Jino likishang'olewa, wengi huhesabu kazi imekwisha. Kumbe tiba iliyobaki ni bonge la damu linaloziba pengo: ndilo bandeji ya mfupa. Likitoka mapema, mfupa hubaki wazi na maumivu makali huanza siku ya pili hadi ya nne, mara nyingi yakipanda sikioni, hasa lilipong'olewa gego la chini. Kwa hiyo ushauri wa kusukutua maji ya chumvi papo hapo, ingawa una nia njema, huja kabla ya wakati wake, kwani kusukutua huweza kuling'oa bonge hilo. Chumvi husaidia baada ya saa 24. Sigara nayo huongeza hatari waziwazi.

Wapo watakaosema kutoka Matema au Ipinda, wilayani Kyela, kurudi hospitali Kyela mjini ni nauli na siku nzima ya shamba la mpunga, bora kuvumilia. Hoja hiyo ina uzito, na maumivu yanayopungua kila siku yavumiliwe. Yakizidi, mgonjwa arudi kwa daktari. Uvimbe unaoshuka shingoni, homa, au kushindwa kumeza mate havingoji asubuhi: ni dalili za maambukizi yanayoweza kuziba njia ya hewa.