Sura ya Saba: Vidonge vya Usiku, Kazi ya Alfajiri

Trans Nzoia huamka kungali giza. Kuanzia Kiminini hadi Endebess, mwenye ng'ombe wa gredi hukamua saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu pikipiki ya kubeba maziwa ikishapita imepita. Upande wa Bungoma, kijana wa boda boda hutaka kuwa stejini Kanduyi kabla ya saa kumi na mbili, wakati abiria ni wengi na wana haraka. Tuseme mmoja wao aliugua akili, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani na vidonge vya klopromazini alivyoambiwa ameze usiku. Humeza saa nne, baada ya kumaliza shughuli zote. Saa kumi na moja dawa ingali imemshika. Macho hayafunguki, miguu mizito, na akisimama ghafla kizunguzungu kinamrudisha kitandani. Kufikia wiki ya pili ng'ombe anakamuliwa na jirani, au mwenye pikipiki ameshampa mtu mwingine. Mwezi haujaisha, vidonge vimetupwa chooni.

Akirudi kliniki akiwa ameugua tena, faili yake itaandikwa kwamba aliacha dawa. Jamaa zake watasema ni mkaidi, au kwamba ugonjwa wenyewe ndio unaomfanya asijijue. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi mno mtu huyu anajijua vizuri: aliona dawa na riziki haviwezi kukaa nyumba moja, akachagua riziki, kwa kuwa watoto hula kila siku. Hakuna aliyemwambia kwamba viwili hivyo vinaweza kupatanishwa, na kwamba jambo la kwanza la kujaribu ni saa ya kumeza.

Zamani swali hili lilikuwa dogo. Hospitali ya Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka 1910, na kwa miongo mingi mgonjwa aliyewashinda watu wa kwao huku magharibi alipelekwa huko, zaidi ya kilomita 350 kutoka Kitale. Aliyelazwa Mathari hakuwa na ng'ombe wa kukamua. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1952, pale madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walipowapa klopromazini wagonjwa wao mjini Paris na kuona kelele na hofu zikipungua ndani ya siku chache. Miaka miwili baadaye, huko Aro karibu na Abeokuta nchini Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alikwenda mbali zaidi. Aliwapanga wagonjwa katika nyumba za vijiji jirani na hospitali, kila mmoja pamoja na ndugu yake, wakawa wanatibiwa mchana na kuendelea kuishi maisha ya kijiji. Naona Lambo alielewa jambo ambalo kliniki nyingi za leo zimelisahau. Alitazama kama mgonjwa ameweza kurudi katika shughuli za watu wengine, na hicho ndicho kipimo cha kupona.

Siku hizi hospitali za kaunti, Kitale na Bungoma, zina kliniki za magonjwa ya akili, na kesi ngumu hupelekwa Eldoret katika hospitali ya rufaa ya Moi. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imeziwekea kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na watu. Matibabu yamehamia nyumbani, na nyumbani ndiko kuliko na kazi. Ila foleni ni ndefu, na daktari ana dakika chache za kuuliza kama bado unasikia sauti, kama unalala, kama unakula. Kazi yako haulizi. Kwa hiyo anza wewe: "Daktari, mimi huamka saa kumi na moja kukamua. Dawa hii inanishika hadi saa tatu asubuhi. Naweza kuimeza mapema?"

Mara nyingi jibu ni ndiyo. Klopromazini, amitriptilini na olanzapini ni dawa zinazolaza, na neno usiku ni pana. Anayemeza saa moja jioni baada ya ugali ana saa kumi kabla ya kuamka. Anayemeza saa nne ana saa saba. Tofauti hiyo haigharimu hata shilingi. Kama dozi ya siku imegawanywa asubuhi na jioni, daktari anaweza kuona inafaa sehemu kubwa ihamie jioni. Fluoksetini, ambayo wengi hupewa kwa ajili ya huzuni ya muda mrefu, ni kinyume chake: humezwa asubuhi, kwa sababu wengine huwanyima usingizi.

Kuna pia suala la majuma ya mwanzo. Usingizi mzito wa dawa mpya hupungua kwa watu wengi baada ya wiki moja au mbili, mwili ukishaizoea. Dawa za huzuni zina taabu nyingine: usumbufu huja siku za kwanza, tumbo kuchafuka, kichwa kuuma, nayo faida husubiri wiki mbili hadi sita. Asiyeambiwa hivyo ataacha katika wiki ya pili, hapo hapo kabla ya mambo kubadilika, akiamini dawa imemwongezea ugonjwa. Kama hali yake inaruhusu kusubiri, ni busara kutoanza dawa mpya katika juma la kupanda mahindi, mvua za Machi na Aprili zinapoanguka na kila mkono unahitajika shambani. Na katika siku hizo za kwanza, au kila dozi inapoongezwa, asiendeshe pikipiki wala trekta, asisimamie posho mill wala mashine ya kukata nyasi za ng'ombe. Hapa sina namna ya kulainisha maneno. Usingizi wa sekunde mbili kwenye barabara ya Webuye, malori yakipita, unaua.

Dawa nyingine hukaza mwili badala ya kulaza. Haloperidoli hutumika sana kwa kuwa ni ya bei nafuu na inafanya kazi, lakini inaweza kuleta mtetemo wa mikono, mwendo wa kuburuta miguu na uso usioonyesha hisia. Kwa mkata miwa wa Bungoma hilo ni jambo zito, maana panga linataka kiwiko kilicho huru. Siku za kwanza, hasa kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda upande mmoja au macho yakapanda juu yasishuke. Watu wa nyumbani hudhani ni pepo, na wengine hukimbilia maombi. Ni athari ya dawa, na sindano moja hospitalini huiondoa kwa muda mfupi. Nyingine inayoeleweka vibaya zaidi ni hali ya kutotulia: mtu hawezi kukaa, anatembea huku na huko, anabadilisha miguu kama anayekanyaga makaa. Familia huona wazimu umerudi na kuomba dozi iongezwe, ilhali huenda inayotakiwa ni dozi ipungue. Mwulizeni mwenyewe. Atawaambia kama mahangaiko yako kichwani au yako miguuni.

Benzheksoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Artane, hulegeza ukakamavu huo. Nayo hukausha mdomo, hufunga choo, na hupunguza jasho. Kibarua anayepalilia jua la saa saba na mwili usiotoa jasho anaweza kupandwa na joto vibaya. Awe na maji karibu na kofia kichwani. Klopromazini huongeza neno lake: ngozi huungua na jua kwa urahisi kuliko kawaida, hata ngozi nyeusi, kwa hiyo shati la mikono mirefu ni sehemu ya matibabu.

Sindano ya flufenazini, ile ya kila wiki mbili hadi nne ambayo wengi huiita Modecate, imewaokoa watu waliochoshwa na vidonge vya kila siku, na wale wanaoishi nyumba ambayo faragha ya kumeza kidonge haipo. Uzito wake huelekea kuwa mkubwa siku chache za mwanzo baada ya kuchomwa. Anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa aombe tarehe iangukie Ijumaa, kama kliniki ina siku hiyo. Mama wa sokoni Chwele aikwepe siku inayotangulia soko.

Mambo mawili hutendeka dawa mbili zinapokutana, bila mtu kukusudia ubaya. Mgongo ukiuma baada ya kubeba magunia, mtu huenda kemisti kununua diklofenaki au ibuprofeni. Akiwa anatumia lithiamu, dawa hizo huifanya lithiamu ijae katika damu hadi kuwa sumu: mikono hutetemeka sana, mtu hutapika, huyumba kama mlevi. Kuharisha na kukosa maji mwilini huleta hatari ile ile. Kwake yeye parasetamoli ni salama zaidi. La pili linawahusu wanawake. Kabamazepini, inayotolewa kwa kifafa na kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, hupunguza nguvu ya kipandikizi cha kupanga uzazi kinachowekwa mkononi, na mimba huingia mwenyewe akijua amejikinga. Sindano ya miezi mitatu au koili haipotezi nguvu hivyo. Na valproeti haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba kama ipo dawa nyingine ya kumfaa, kwa sababu karibu mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni wakati mama anaitumia huzaliwa na kasoro kubwa ya maumbile. Asiiache ghafla akisoma hapa. Aende akaulize juma hili hili.

Kuhusu busaa na chang'aa nitasema machache. Pombe juu ya dawa zinazolaza huzidisha usingizi na kulegeza pumzi, na chang'aa nguvu zake hazipimiki. Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara kwa Wabukusu, ngoma hukesha na busaa iko kila boma. Anayetumia dawa anaweza kwenda, akacheza, akala, akaomba soda. Kinachomwangusha zaidi ya kinywaji ni kukosa usingizi siku tatu mfululizo, hasa kama ugonjwa wake ni ule wa hisia kupanda. Alale kwanza, aende mchana.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kila mtu analo moyoni na wachache hulitamka mbele ya daktari: nitameza hadi lini? Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012, kuhusu watu wenye skizofrenia, uliona kwamba ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya waliobaki kwenye dawa na asilimia 64 ya walioondolewa. Pengo hilo ni kubwa, na ndilo linalowafanya madaktari wawe wagumu. Lakini kuna upande wa pili. Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi, wakiongozwa na Lex Wunderink, walitoa matokeo ya kuwafuata wagonjwa wapya kwa miaka saba: waliopunguziwa dozi mapema waliweza kurudi katika kazi na maisha ya kawaida kwa wingi zaidi kuliko walioendelea na dozi ile ile. Matumaini yakapanda. Kisha mwaka 2023 utafiti wa Uingereza uliowafuata watu walioumwa kwa muda mrefu zaidi ukaona waliopunguza hawakufanya vizuri zaidi katika maisha yao baada ya miaka miwili, na waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wengi zaidi. Nikizisoma tafiti hizi tatu pamoja, ninachokubali ni kwamba kupunguza dozi ni mazungumzo halali, ya polepole, yanayofanywa na daktari na mtu wa nyumbani akijua dalili za mwanzo. Kuacha kwa siri baada ya mavuno, kwa kuwa mtu anajisikia mzima, ndiyo njia yenye hatari kuliko zote, kwa sababu uzima huo mara nyingi umeshikwa na dawa yenyewe.

Kazini, je, useme? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu, na ulemavu wa akili umo katika sheria zetu. Inampa pia mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Cheti hakilazimiki kueleza ugonjwa kwa kina. Kwa mwalimu au karani wa kaunti haki hizi zinashikika. Kwa kibarua wa kutwa katika shamba kubwa la Trans Nzoia, anayeitwa au kutoitwa na nyapara kila asubuhi, haziko mikononi mwake, na singemshauri atangaze. Amchague mfanyakazi mmoja anayemwamini, amwambie tu: "Ndugu, ukiona nimeanza kuongea haraka na silali, mpigie dada yangu." Hiyo yatosha.

Tena vibarua huhama. Palizi na mavuno huwatoa watu Bungoma hadi Kwanza na Cherangany kwa majuma mengi, na wengi husafiri na vidonge vya siku chache wakitegemea kununua mbele. Hospitali za umma huishiwa, na kemisti anaweza kuwa na dawa ile ile yenye jina jingine la kampuni, mtu akairudisha akidhani si yake. Jina la kutazama ni lile dogo lililo chini ya jina la biashara: Largactil ni klopromazini, na klopromazini ya kampuni nyingine ni dawa ile ile ikiwa miligramu ni zile zile. Kabla ya kuondoka, daftari la kliniki liwe limeandikwa jina hilo, miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku, na tarehe ya sindano ya mwisho, nayo picha ya ukurasa huo ikae katika simu ya mtu wa nyumbani, kwa maana daftari hulowa mvua au huibwa pamoja na mfuko, na tabibu wa kituo cha afya asiyekufahamu hawezi kukusaidia kwa kuambiwa ni vidonge vidogo vyeupe.